Kurasa Zilizofungia Mandazi

Dada yangu Gracieuse hakuweza kula andazi bila kusoma karatasi iliyolifunga. Tangu tukiwa watoto kule Djugu, mashariki ya Kongo, alilamba mafuta vidoleni, kisha akainyoosha karatasi juu ya goti na kusoma chochote kilichokuwamo: kipande cha gazeti la zamani, hesabu za mtoto fulani zenye alama nyekundu, nusu ya tangazo la sabuni. Mama alimwambia kwamba anayesoma akila analisha macho na kulinyima tumbo. Gracieuse alijibu kwamba macho nayo yanasikia njaa.

Naanzia hapo kwa sababu mume wake na watoto wake walimjia kwa njia ya karatasi za mandazi, na kwa sababu tangu tulipomzika mwaka jana, kila nikimkumbuka namwona hivyo kwanza, na kicheko kinatangulia machozi. Mungu aliyetupa ndiye aliyemchukua, na sina ugomvi naye. Watoto wake ndio walioniomba niandike. Walisema, mama mudogo, weye ulikuwa pale. Ni kweli nilikuwa pale. Nilitumwa kuwachunga.

Ilikuwa mwaka 2003. Vita vilikuwa vimetutoa Djugu, tukaingia Bunia na godoro moja, sufuria kubwa ya mama na Biblia ya baba. Mkristo mwenzetu alituazima vyumba viwili katika mtaa wa Nyakasanza. Baba yetu, Constant, ambaye alizoea kulima viazi na maharagwe mpaka jicho linachoka kuyafuata, sasa alikaa mbele ya mlango akichonga mipini ya majembe ya watu wengine. Mama yetu, Monique, alikaanga mandazi na kuyauza kando ya soko. Mimi, Vanessa, nilikuwa na miaka kumi na minne. Yaya Gracieuse, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa kwetu, alikuwa na kumi na tisa. Alikuwa amebakiza mtihani wa Serikali tu ili apate diploma, shule yake ilipofungwa. Madawati ya darasa lake yaliishia mekoni mwa watu.

Mwezi wa tano mji uliwaka. Waliokuwepo wanajua, na sitawarudisha huko. Mwezi wa sita wakaja wanajeshi wazungu kulinda uwanja wa ndege, na polepole watu wakaanza tena kuuza na kununua. Wanajeshi wale walitupa vitu ambavyo sisi hatukujua kama hutupwa: chupa zenye vifuniko vyake, makopo yasiyo na tundu, maboksi magumu. Takataka yao ikawa soko. Mama hakuhitaji makopo. Alitafuta karatasi, kwa sababu andazi la moto halipewi mtu mkononi hivi hivi. Akanunua furushi, na ndani yake kulikuwa na kitabu kidogo, kinene, cha picha tupu.

Akafanya alivyofanya siku zote. Alishika kitabu, akafungua jalada la kushoto, akaanza kurarua tangu mwanzo, karatasi moja andazi moja. Asubuhi kadhaa zikapita hivyo. Karibu robo ya kitabu ilikuwa imekwisha kusambaa mjini na mafuta yake, siku ile Gracieuse alipopewa andazi, akalamba vidole, akainyoosha karatasi gotini.

Aliisoma mbele na nyuma. Kisha akainuka, akachukua kitabu kilichobaki kando ya beseni na kukifunga ndani ya kitenge chake. Mama akamwuliza sasa wateja wafungiwe nini, kitenge chenyewe? Gracieuse akaenda nyumbani akarudi na daftari lake la masomo ya fizikia. Alisema hilo hatalilia.

Kilikuwa kitabu cha Wajapani kilichogeuzwa Kifaransa, hadithi ya kijana na msichana wanaosoma sekondari. Majina yao yalitushinda ulimi, basi Gracieuse akawabatiza: msichana akawa Scholastique, kijana akawa Étienne. Mchana, kazi zikipungua, tulikaa nyuma ya nyumba naye akasoma, akigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili chetu ili mama asikie huku akichambua maharagwe.

Siku ya kwanza hatukuelewa kitu. Mwanzoni Étienne na Scholastique walitembea chini ya mwavuli mmoja wakioneana haya. Mbele kidogo kila mmoja akawa na njia yake. Mbele zaidi wakasalimiana kwa shida. Mwishoni kabisa walikaa darasa moja bila kujuana, na Scholastique akamwuliza rafiki yake yule kijana anaitwa nani. Mama aliweka ungo chini akasema huyo msichana amerogwa.

Gracieuse akafunua nyuma na mbele, uso karibu na karatasi. Étienne alikuwa na bandeji mkononi. Tulikuwa tumeiona bandeji mapema, lakini kuanguka kwake ngazini kulikuja baadaye sana.

“Mutu hawezi kufungwa bandeji mbele ya kuanguka,” akasema. “Mama, hii kitabu inaanza kwa mukia.”

Ndivyo ilivyokuwa. Kwao Wajapani kitabu kinafunguliwa kule ambako kwetu kinafungwa, na hata vipicha vya ukurasa mmoja husomwa kutoka kulia. Mama hakuwa amerarua mwanzo. Alikuwa ameuza mwisho. Alijitetea kwamba vitabu vyote alivyowahi kushika, cha nyimbo, cha katekisimo, na Biblia ya baba, vinaanzia upande ule, na kwamba Mjapani naye angeonya watu.

Tukasoma upya, safari hii kwa njia yake, na hapo ndipo kitabu kilipotushika. Nieleze utamu wake, maana mtu akiusikia tu atasema hakuna kitu. Na kweli hakuna kilichotokea. Zamu ya kufagia darasa iliwaangukia wawili wale, kama zamu zetu za kufagia. Mvua ikanyesha, Étienne akamwazima Scholastique mwavuli wake, yeye akalowa. Scholastique alichukua kurasa na kurasa kuurudisha, si kwa kusahau, bali kwa sababu kila alipokaribia dawati la kijana, miguu ilimgeuza. Kulikuwa na kengele, chaki, viatu vilivyopangwa mlangoni, na madirisha yenye vioo vizima. Hakuna aliyekuja kupiga mlango teke. Hakuna aliyekunja godoro.

Sisi mambo yetu yote yalikuwa ya haraka wakati ule. Tulikimbia kwa haraka, tukazika kwa haraka, hata kuolewa kulikuwa kwa haraka. Wasichana niliosoma nao walichumbiwa Jumatatu na Ijumaa wako safarini, kwa kuwa gari la mjomba lilikuwa linaondoka. Na hapa walikuwapo watu wawili wenye muda. Waliweza kumaliza juma zima wakiwaza kama waseme “habari ya asubuhi”. Muda wao tuliula kama mkate.

Mama alimgombeza Étienne kama anavyogombeza mtoto wa jirani, akimwuliza anangoja nini, mbuzi wa mahari wazae kwanza? Baba alisema ni upuuzi, lakini alihamisha gogo lake la kuchongea mpaka karibu na ukuta wa nyuma. Siku moja alichonga mpini mmoja mpaka ukawa mwembamba kama mwiko, naye bado anachonga. Kisha akauliza, bila kugeuka, kama yule kijana amesharudishiwa mwavuli wake.

Wakati huo huo wakaja shangazi za Michée. Michée aliuza samaki wakavu wa Tchomia, kule ziwani, mtu mzima, mwenye adabu, ambaye alikuwa anahamishia biashara yake ng’ambo ya ziwa, Uganda. Alikuwa amemwona Gracieuse kanisani. Shangazi zake walikunywa chai yetu wakasema wangependa kuja rasmi Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane, kwa sababu baada ya hapo wanavuka. Baba alifurahi kimya kimya. Nilimsikia akimwambia mama kwamba binti aliye ng’ambo hatalala tena porini na mvua mgongoni. Hakuwa amekosea, na Gracieuse alijua hakuwa amekosea.

“Ule baba wa samaki si mubaya,” aliniambia tukiosha vyombo. “Lakini aliongea na papa, akaongea na shangazi, mimi hajaniambia hata bonjour. Nataka mutu mumoja aniulize mimi kwanza. Kiisha nimalize masomo.”

Kwetu kuna desturi. Wageni wa posa wakikaa, msichana anaitwa katikati ya chumba, na mzee wa nyumba anamwuliza mbele ya wote: Unawafahamu wageni hawa? Akikubali, soda zinafunguliwa na neno limekwisha. Akikataa, wageni wanaondoka na njia yao. Lakini soda zinakuwa zimekwisha kupangwa mezani, na sijui msichana gani ana moyo wa kuziangalia soda zile na kusema hapana.

Siku hizo tukafika mwisho wa kurasa zetu. Baba yake Étienne alikuwa amehamishiwa kazi mji wa mbali. Siku ya kufunga mwaka wa shule ilikuwa inakaribia, na kijana alikuwa bado hajasema neno. Gracieuse akafunua, akakuta ukingo uliochanika. Alikaa na ukingo ule mkononi. Aliniambia lazima ajue kama Étienne alisema au alipanda gari na kunyamaza, maana akijua, atajua kama kungoja kuna faida kwa mtu wa duniani au ni kwa vitabu tu. Jumapili ya Michée ilikuwa wiki chache mbele yetu.

Tukaanza kuwazungukia wateja wa mama. Muuza dawa alikuwa ameitumia karatasi yake kufungia vidonge. Kinyozi alikuwa amemtundika Scholastique ukutani kama mfano wa mtindo wa nywele, na hakumtoa mpaka alipopewa mandazi mengine. Mama mmoja alisema wazi kwamba yake aliipeleka chooni, tukamshukuru kwa kusema ukweli.

Mteja mkubwa kuliko wote alikuwa duka la Mama Musoki, mwanamke aliyetoka Butembo miaka mingi nyuma, akauza chumvi, sabuni, misumari na betri. Mwanawe, Mumbere, ndiye aliyenunua mandazi ya wapakuaji mizigo kila asubuhi. Alikuwa kijana mrefu, mwenye kusema polepole mpaka watu walimmalizia maneno yake. Gracieuse alimwuliza kama anakumbuka karatasi zenye picha. Mumbere aliondoa gunia la chumvi, akaondoa la pili, na chini yake, zimenyooka kama nguo iliyopigwa pasi, zilikuwa karatasi zetu.

Ya juu kabisa haikuwa na picha. Iliandikwa kwa herufi kubwa za Kifaransa kwamba msomaji asimame, anaanzia mwisho wa kitabu, ageuze. Mjapani alikuwa ameonya watu. Onyo lake ndilo lililofunga andazi la kwanza.

Gracieuse alicheka mpaka akakalia ndoo. Mumbere alianza kupanga betri ambazo zilikuwa zimepangwa.

“Basi unipatie,” Gracieuse akasema, mkono mbele.

“Nyinyi muko na mwanzo?”

“Iko nyumbani.”

“Mimi niko na mwisho tu. Nimesoma mara mingi, sijui hata hawa watu ni ba nani.” Akatulia. “Mwisho bila mwanzo haina utamu. Ulete mwanzo, tusome yote polepole. Tukifika huku, utabeba.”

“Na kama sitaki kungoja?”

Alifikiri muda mrefu kiasi kwamba mteja aliingia, akanunua sabuni, akatoka. Kisha akamsukumia rundo lote juu ya meza.

“Basi beba sasa.”

Gracieuse aliziangalia karatasi zile. Kwa kweli niliona jicho lake likishuka kutafuta picha ya kwanza, likajizuia. Akazikusanya, akainama, akazirudisha chini ya gunia la chumvi.

Baba alikubali twende dukani kwa sharti kwamba mimi niwepo na mlango uwe wazi. Basi kila mchana nilikaa juu ya gunia la maharagwe nikila pipi za Mumbere, nao wakasimama meza katikati yao na kitabu juu ya meza. Gracieuse alisoma, Mumbere akafunua kurasa, maana alikuwa na vidole visivyo na mafuta. Wakibishana, walibishana kuhusu Étienne. Gracieuse alisema ni mwoga. Mumbere alisema si mwoga, anapima. Mama Musoki, kutoka nyuma alikopima misumari, akatangaza kwamba hapa si bibliothèque ya kusomea vitabu, na asiyenunua ashike ufagio. Wakashika. Wakafagia duka lile pamoja, mmoja upande huu na mwingine upande ule, na walipokutana katikati kila mmoja alimwachia mwenzake zile takataka. Nilitaka kuwagonga vichwa.

Mchana mmoja risasi zikalia upande wa barabara ya uwanja wa ndege. Mumbere alivuta mlango wa chuma, tukajibana sote nyuma ya magunia ya chumvi, Mama Musoki akisali kwa Kinande, lugha ya kwao. Nilikuwa nimeshika kitenge cha yaya kwa mikono yote. Nikawaza, sasa atamshika mkono. Katika hali ile hata mzee wa kanisa angemruhusu. Mumbere aliingiza mkono chini ya gunia, akatoa karatasi inayofuata, ile ya kwanza ya sehemu yake ya hadithi, na kumpa Gracieuse. Tulikuwa tumefika mwisho wa kurasa zetu.

Gracieuse akaanza kusoma, sauti ikitetemeka kama ya mbuzi. Scholastique alikuwa anashona kitufe kilichokatika kwenye koti la Étienne.

“Soma na nguvu,” Mama Musoki akasema katikati ya sala yake. “Huku sisikii.”

Akasoma na nguvu. Risasi zilipokwisha sikumbuki. Kitufe nakikumbuka.

Tangu siku ile tulikwenda karatasi moja moja, tukiruka zile zilizokwenda na maji ya mji. Juma la mwisho la mwezi wa nane tukafika ya mwisho. Sherehe ya shule imekwisha. Étienne anapanda ngazi mbio, Scholastique yuko juu amegeuka. Étienne anavuta pumzi. Anafungua kinywa. Mumbere akafunua, na chini yake kulikuwa na ile karatasi ya onyo tu. Ya katikati haikuwepo.

Mama alijikaza kukumbuka. Akasema asubuhi aliyoanza kurarua, karatasi ya pili aliichukua mwanamke mpita njia mwenye mzigo kichwani, aliyekuwa anatafuta gari la Kpandroma, kule milimani. Mwisho wa Étienne na Scholastique ulikuwa umepanda milima zamani.

Mimi nilikuwa nimekwisha kumwambia Mumbere habari za Jumapili ya Michée, na yeye alikuwa ameniuliza tu kama nataka pipi nyingine.

Jumamosi asubuhi, mama akiwa na sufuria ya mafuta mbele yake na Gracieuse akikanda unga, Mumbere akaja mwenyewe sokoni. Alikuwa amevaa shati la kanisani. Alinunua andazi moja, akasimama nalo bila kulila.

“Ile karatasi, siye hatutaipata,” akamwambia Gracieuse. “Nimewaza sana ule kijana alisema nini pale kwa ngazi.”

Gracieuse aliacha kukanda. Mama aliinua kijiko cha matundu, kikabaki hewani.

“Nafikiri hakusema anamupenda. Ule binti alishajua. Nafikiri aliuliza.”

“Aliuliza nini?”

Mumbere alivuta pumzi. Wateja wawili walikuwa wamesimama nyuma yake, na hakuna aliyemmalizia maneno.

“Naenda Butembo kuita baba mukubwa. Njia ni mubaya, sijui itanichukua muda gani. Utaningoja?”

Mandazi yote ya sufuria ile yaliungua. Mama hakuyaona. Gracieuse alifuta unga mikononi, kidole kwa kidole.

“Weye umeshanifundisha,” akasema. “Enda polepole, urudi muzima.”

Jumapili Michée alikuja na tai shingoni, shangazi zake wakiwa na vitenge vipya. Soda zilikuwa mezani. Gracieuse akaitwa, akasimama katikati, na baba akauliza kama inavyopasa: Unawafahamu wageni hawa?

“Ninawaheshimu, papa. Lakini siwafahamu.”

Shangazi mmoja alitazama soda. Baba akarudia swali, kwa maana desturi inataka lirudiwe, na jibu likawa lile lile. Nilimwona baba akishika magoti yake. Mwanaume yule alikuwa amekwisha kuona nyumba yake ikifuka moshi. Alikuwa anataka kitu kimoja tu, binti yake avuke maji.

“Ni ule Étienne?” akauliza.

Wageni wakaangaliana, Étienne ni nani tena.

“Ndiyo, papa.”

“Alisema?”

“Aliuliza. Jana.”

Baba alisugua paji la uso kwa muda. Kisha akapumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni, akasema, “Hatimaye.” Akawageukia wageni akawaomba msamaha kwa heshima zote, na kwa kuwa mgeni ni mgeni, akafungua soda mwenyewe. Michée alikunywa yake. Mama alilazimika kumweleza habari za mwavuli tangu mwanzo, na alipofika kwenye kitufe, Michée alicheka, akasema kwamba kumbe yeye naye alianzia mwisho wa kitabu, safari nyingine ataanza na msichana. Alioa kule ng’ambo mwaka uliofuata, na kwa miaka mingi hatukukosa samaki wake wakati wa Noeli.

Mumbere alikawia. Barabara ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa. Shule zilipoanza tena, Gracieuse akarudi darasani na kibao cha kukalia kutoka nyumbani, akafanya mtihani wa Serikali, akapita. Watu walimwambia yule kijana wa Butembo amekwisha kuoa huko kwao. Alijibu kwamba huyo kuoa kwa haraka hawezi hata akitaka. Mvua za mwaka uliofuata zilipokaribia kwisha, akatokea, amekonda, na baba mkubwa wake, na mbuzi waliokonda kuliko wote wawili.

Wageni wakaketi, soda zikapangwa. Baba akauliza kama anawafahamu wageni hawa. Gracieuse akasimama kimya. Akatazama dari. Akatazama mbuzi kupitia mlangoni. Alikaa kimya mpaka baba mkubwa wa Butembo akamnong’oneza Mumbere kama msichana huyu ni bubu. Mumbere peke yake ndiye aliyekuwa anatabasamu. Aliujua mwendo wake. Hatimaye akasema ndiyo, na mama akapiga kigelegele kilichokuwa kimemkwama kooni tangu mwezi wa nane wa mwaka mwingine. Walifunga ndoa kanisani baada ya hapo, bila kukimbizwa na mtu. Padri alimwambia Mumbere amshike bibi arusi mkono, ikabidi amwambie tena.

Gracieuse akawa mwalimu wa shule ya msingi. Wanafunzi wake walimlalamikia kwamba anasoma hadithi mpaka pale patamu na kengele inalia, naye alisema kengele haijui kitu, ni yeye anayekatiza pale. Duka la Mama Musoki likawa lao. Alizaa watoto wanne, na wote walijua kwamba mama akila andazi haongeleshwi mpaka amalize kusoma.

Binti yake wa pili, Emérance, anasoma hadithi za namna ile ile katika simu, za wanafunzi wa Wajapani wanaochukua mwaka mzima kuambiana jambo moja. Miaka mitatu iliyopita akaja mbio jikoni. Alikuwa ameipata yetu, nzima, na ukurasa wa ngazi, na unaofuata. Gracieuse alikuwa anakanda unga. Akaufunika uso wa simu kwa kiganja chake cheupe.

“Usiniharibie,” akasema. Akamwonyesha Mumbere dukani kwa kidevu. “Mwisho yangu iko pale inapima misumari.”

Ugonjwa ulimchukua kwa haraka, yeye ambaye hakupenda haraka. Siku ya maziko tulikuwa wengi, wanafunzi wake walikuja na sare zao, na wimbo wao ulikuwa mzuri mpaka nikasahau kwa dakika tulikuja kufanya nini. Watu walipoanza kuondoka, Mumbere alibaki. Vijana wenye majembe walisimama kando. Alikaa pale muda mrefu, na hakuna aliyemsukuma, maana mji mzima unamjua. Nilikuwa karibu naye, kama kazi yangu ilivyokuwa zamani. Alisema neno moja tu, kwa sauti ya mtu anayeongea na aliye ng’ambo ya meza.

“Sasa ni weye utaningoja.”

Tulipomaliza matanga, Emérance alimfuata baba yake dukani na ile simu. Alimwuliza kwa upole kama sasa angependa kuuona ule ukurasa. Mumbere aliiangalia simu, akafikiri. Mteja akaingia, akanunua chumvi, akatoka.

“Bado,” akasema. “Tutausoma pamoja na mama yako.” Akarudi kwenye mizani yake.